Siku Bei Inapoanguka: Shamba la Kampuni na Shamba la Mkulima Huku Bagamoyo

Huku Zinga mazungumzo ya ardhi hayaishi. Yapo kwenye vijiwe vya kahawa, yapo nje ya kanisa baada ya Misa, yapo hata msibani watu wanapongojea maziko. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo inapita katikati yetu, habari za bandari tunazisikia tangu tukiwa shule ya msingi, na vibao vya "viwanja vinauzwa" vinakaribia kuwa vingi kuliko mikorosho. Mwenye ekari mbili tatu za minazi analala akijiuliza: auze, aendelee kulima, au ampishe mwenye mtaji? Na katika mazungumzo hayo linarudi wazo moja, mara nyingi kutoka kwa watu tunaowaheshimu: kwamba mkulima mdogo zama zake zimekwisha, na tukitaka kilimo cha biashara sharti tuyakaribishe mashamba makubwa ya zao moja, yenye kampuni, matrekta na kiwanda.

Wazo hilo tunalipinga. Tunalipinga kwa heshima, kwa sababu wanaolisema wameona vijana wao wakilikimbia jembe na kwenda kuendesha bodaboda, na hawaongei kwa ubaya. Ila limechanganya vitu viwili.

Tuanze na maana, kama tunavyosisitiziwa darasani. Kiswahili kinatumia neno lilelile, shamba, kwa bustani ya matembele iliyo nyuma ya nyumba na kwa maelfu ya hekta za mkonge. Kilimo cha biashara ni kilimo chochote ambacho mtu hulima ili auze. Mama wa Kerege anayepeleka mchicha Dar es Salaam alfajiri ni mkulima wa biashara. Mwenye mananasi Kiwangwa ni mkulima wa biashara, na mfuga kuku wa Mapinga naye hayuko mbali. Shamba kubwa la zao moja ni aina mojawapo tu, na lina sura yake: zao la miaka mingi, ardhi inayokwenda mpaka macho yanachoka, kiwanda katikati, wafanyakazi wa mshahara wanaokaa kambini au kuletwa kwa malori, na soko lililo mbali. Tuliite shamba la kampuni, hata pale ambapo mwenye kampuni ni serikali. Ukitazama vizuri, ukubwa si sifa yake kuu. Sifa yake kuu ni kwamba anayeamua nini kipandwe na lini king'olewe haishi pale, na wanaoishi pale hawaamui.

Kanisa letu la pwani lina historia inayofundisha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha uchumi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Waliwakomboa watumwa, wakawajengea kijiji, wakapanda minazi na mazao mengine mengi. Tusione haya kusema kwamba misheni nayo ilikuwa na shamba kubwa, na waliokombolewa walifanya kazi humo kwa ratiba iliyopangwa na wengine. Si wote walioridhika nayo, wapo walioondoka. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikapiga pwani yote, majengo ya misheni yakabomoka. Ng'ambo, Unguja, uchumi mzima wa mashamba ulikuwa umesimama juu ya mkarafuu na mgongo wa mtumwa, na mikarafuu mingi ikalala chini kwa siku moja. Pemba, iliyonusurika, ndiyo ikashika uongozi wa karafuu mpaka leo.

Lakini jambo tunalotaka kulitazama kwa karibu ni kahawa. Wamisionari hao walikuja na mbegu zenye asili ya kisiwa cha Réunion, wakazipanda katika misheni zao. Wakulima wa kahawa wa Kenya wana aina wanayoiita French Mission hadi hii leo, yaani kahawa ya misheni ya Wafaransa, na Wafaransa wenyewe ni mapadre hawahawa. Kutoka pwani mbegu zikapanda bara pamoja na misheni: zikafika Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893, na zikafika Kilema, kwenye mitelemko ya Kilimanjaro.

Sasa angalia kilichotokea. Mbegu ni ileile, mkono ulioileta ni uleule, milima inafanana. Upande wa Kenya, kahawa ikawa zao la mashamba ya walowezi. Mwafrika alikatazwa kuilima kwa miaka mingi. Alifunguliwa mlango kidogo tu katika miaka ya 1930, na kwa upana katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo alitakiwa aichume kama kibarua. Upande wa Kilimanjaro, Wachagga waliipanda katika vihamba vyao chini ya migomba. Walowezi wa huko nao walilalamika, wakataka wenyeji wazuiwe, na wenyeji wakajibu kwa kuungana: mwaka 1925 wakaanzisha chama cha wapandaji kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kwa hiyo yule anayetuambia kwamba zao fulani "kwa asili yake" linahitaji shamba la kampuni, tumwombe atueleze ni asili gani hiyo iliyobadilika ilipovuka mpaka kati ya Moshi na Taveta.

Mkonge ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 yakatoka mashamba ya Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro, Kilosa. Mashamba hayo yalihitaji watu ambao hawakuwa na pa kwenda, na wenyeji wa pwani walikuwa na pa kwenda, kwa hiyo watu wakatafutwa mbali: Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. Mwaka 1944 waajiri wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, maarufu kwa jina la SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba, na Kiswahili, ambacho hakifichi kitu, kikamwita manamba. Alipewa kipande chenye siku 30 za kazi. Kikijaa ndipo analipwa. Aliishi kambini, akakata mkonge, mkonge ukapelekwa kwenye korona kusingwa, nyuzi zikapanda meli. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 mkonge ulikuwa zao la kwanza kwa fedha za kigeni, na kufikia mwaka 1964 uzalishaji ulikuwa umepita tani laki mbili kwa mwaka.

Kisha zikaja nyuzi za viwandani, nailoni na nduguze. Bei ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa, na hapa tunaomba wenzetu wanaodhani tatizo lilikuwa rangi ya mwenye shamba watulie kidogo. Mwenyewe akawa shirika la umma, bendera ofisini ikawa yetu, lakini kambi ilibaki kambi. Miaka ikapita, uzalishaji ukashuka mpaka sehemu ndogo sana ya ule wa 1964, korona moja baada ya nyingine zikanyamaza. Watoto na wajukuu wa manamba wakabaki katika kambi zilizokufa, wamezungukwa na maelfu ya hekta za pori la mkonge ambazo hawakuwa na haki ya kupanda humo hata shina la muhogo bila ruhusa. Kigoma hawajulikani tena, na Korogwe si kwao.

Kahawa nayo ilipata siku yake. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwemo, na viliporudishwa baadaye havikuwa tena na nguvu ya zamani. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yakavunjika, na bei ikaporomoka. Kilimanjaro iliumia. Watu walikosa ada za shule, vyama vikawa na madeni. Lakini kihamba kilikuwa na mgomba juu ya kahawa, na mgomba haukujua habari za London wala New York. Watu walikula. Wengine waling'oa kahawa wakapanda nyanya, wengine wakaiacha na kuongeza ng'ombe wa maziwa. Walikosea au walipatia, lakini uamuzi ulikuwa wao.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Tunasikia mashamba yakilinganishwa kwa tani kwa hekta, na kwa mizani hiyo kampuni mara nyingi hushinda, hasa mvua ikiwa njema na bei ikiwa juu. Sisi tunataka yalinganishwe siku bei inapoanguka. Siku hiyo tuulize nani bado ana chakula, nani anaweza kubadilisha zao bila kuomba ruhusa, na nani anafukuzwa kwa barua ya mistari mitatu.

Wapo watakaotujibu kwamba kuna mazao yanayokataa mkulima mdogo, kwa sababu ya kiwanda. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau. Muwa ukikatwa unaanza kupoteza sukari, na unatakiwa usagwe ndani ya siku moja au mbili. Jani la chai halingoji kesho. Jani la mkonge likikaa linakauka na halisingiki. Kiwanda cha sukari ni mtaji mkubwa, na mwenye mtaji anataka uhakika kwamba malori ya miwa yatafika kila siku. Nanasi, korosho na nazi hazina shida hiyo: korosho inakaa ghalani miezi, nazi inakaa uani, nanasi linavumilia safari ya fuso mpaka Dar es Salaam au Nairobi. Kwa hiyo kabla hatujaambiwa kwamba Bagamoyo inahitaji mashamba makubwa, tungependa kwanza kuambiwa kwa zao gani.

Hata kwa mazao yale magumu, jibu halijafungwa. Wakenya walionyesha kwa chai. Kuanzia miaka ya 1960 mamlaka ya KTDA iliwaunganisha wakulima wenye vipande vidogo kabisa, ikapeleka malori kwenye vituo vya kukusanyia majani, ikajenga viwanda milimani, na leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya inatoka kwa wakulima hao, ambao ndio wanahisa wa viwanda. Wana malalamiko yao, mengi tu, juu ya wakurugenzi na bonasi. Lakini linganisha na Kericho mwezi Mei 2023, ambako mashine za kuchuma chai za shamba la kampuni zilichomwa moto katika ghasia, kwa kuwa mashine moja ilichukua kazi za watu wengi ambao hawakuwa na jani lolote la kwao. Mashine yenyewe haina dhambi. Angeinunua mkulima wa KTDA pamoja na majirani zake kumi, angekuwa amejipunguzia maumivu ya mgongo.

Hapa kwetu kuna mpango wa katikati: kampuni inakuwa na kiwanda na shamba lake, na wakulima wa nje wanalima miwa yao na kuiuza pale. Kilombero wanafanya hivyo kwa miaka mingi, na maelfu ya familia wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa miwa. Ni mpango mzuri kuliko kambi. Lakini mkulima wa nje ana mnunuzi mmoja tu. Mizani ni ya kiwanda, kipimo cha sukari iliyomo kwenye muwa ni cha kiwanda, ratiba ya kukata ni ya kiwanda. Kiwanda kikizidiwa, cha kwanza kusagwa ni muwa wa kampuni, na wa mkulima unasubiri shambani mpaka unakauka au moto unaupitia. Udogo wa shamba peke yake haumweki mtu huru. Jirani zetu wa Mlingotini wanalijua hili bila kufika Kilombero: mwani wanaulima wenyewe, baharini hakuna mwenye hati, lakini kwa muda mrefu kamba zilitoka kwa mnunuzi na bei ilitoka kwa mnunuzi. Wapo akina mama ambao wameanza kutengeneza sabuni za mwani, na tunadhani wameielewa siasa ya uchumi kuliko baadhi yetu tunaoisoma.

Bagamoyo yenyewe ina kisa kinachopaswa kusimuliwa kwa utulivu. Kaskazini ya mji, kuelekea Mto Wami, lilikuwapo eneo la RAZABA, ranchi ya Serikali ya Zanzibar upande huu wa bara. Ranchi ilipofifia, walikuja Waswidi na mpango wa miwa, kwanza kwa ajili ya mafuta ya ethano, baadaye kwa ajili ya sukari, chini ya kampuni ya EcoEnergy, kwa zaidi ya hekta 20,000. Mpango uliwataka wakulima wa vijiji jirani waunde kampuni zao ndogo za miwa na kuchukua mikopo mikubwa. Hili halikuzungumzwa vya kutosha: mkulima angeingia kwenye soko la sukari la dunia akiwa na deni, na kama bei ingeanguka, deni lisingeanguka nayo. Mwaka 2015 Shirika la Maendeleo la Sweden, Sida, likajitoa kwenye kuudhamini. Mwaka 2016 serikali yetu ikausimamisha. Kiwanda hakikujengwa, na mwaka 2022 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikaamua kwamba Tanzania iilipe kampuni fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Shamba kubwa lina uwezo wa kukugharimu hata lisipolimwa.

Leo eneo la Makurunge lina miwa ya kampuni ya Bakhresa, na Sukari ya Bagamoyo ipo madukani. Hatutajifanya hatuinunui. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua zilipozuia uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika nchini, kila mmoja wetu alielewa kwamba taifa linahitaji viwanda vya sukari. Watu wa kwetu wamepata kazi huko. Tunachouliza ni kwa nini mfano wa Makurunge, unaolingana na zao lenye kiwanda kizito, uchukuliwe kuwa ndio dira ya kila ekari kutoka Makurunge mpaka Mapinga, wakati Kiwangwa iko palepale wilayani ikitoa jibu jingine. Nanasi la Kiwangwa halikuletwa na mwekezaji. Watu walilima, wakapeana machipukizi, wanunuzi wakafuata barabara, na sasa viwanda vya matunda vimeifuata wilaya ya mananasi, kama kile cha Mboga, Chalinze. Kiwanda kimekuja baada ya mkulima.

Sasa tuseme ukweli tusioupenda. Mkulima wa kati wa mananasi naye ana vibarua. Wanapalilia kwa kipande, wanalala kwenye banda la maturubai pembeni ya shamba, hawana mkataba, hawana mchango wa mafao, na wakikatwa na jembe dawa ni majivu na pole. Kwenye shamba la kampuni kuna uwezekano wa mkataba, wa mfuko wa hifadhi ya jamii, na chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kinaweza kupiga hodi. Kwenye ekari 15 za mwamini mwenzetu anayesoma masomo Jumapili, nani atapiga hodi? Mwalimu Nyerere aliliona hili katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967: alihofia kwamba wakulima wachache watakua, watawaajiri jirani zao, na jirani watageuka watu wa kusubiri kuitwa. Dawa aliyoipendekeza haikufaulu kama ilivyotarajiwa. Ugonjwa alioutaja bado upo. Anayetetea kilimo kidogo huku akinyamazia vibarua wake ametetea mfuko wake tu. Ile sehemu ya Injili ya Mathayo, sura ya 20, juu ya watu waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja kwa kuwa hakuna aliyewaajiri, tunaihubiri kila mara kama habari ya neema, na ni sawa. Lakini wale watu walikuwa vibarua, na mwenye shamba alijua kwamba anayelipwa nusu ya posho watoto wake wanalala nusu njaa.

Mafundisho Jamii ya Kanisa hayatupi hesabu ya ekari. Yanatupa mahali pa kusimama. Mt. Thomas wa Akwino anakubali kwamba mtu amiliki mali na kuisimamia, kwa kuwa kila mtu hutunza zaidi kilicho chake. Lakini katika kuitumia, asema, aione kama ya wote, awe tayari kumgawia mhitaji. Hoja hiyo ya kwanza inasahaulika na mabwana wa mashamba ya kampuni: kama umiliki unamfanya mtu atunze, basi wamiliki wengi ni bora kuliko mmoja. Mt. Yohane XXIII katika Mater et Magistra, mwaka 1961, alitetea kilimo cha familia na ushirika wa wakulima. Mt. Paulo VI, mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, aliandika kwamba mashamba makubwa yanayozuia ustawi wa wote yanaweza hata kutwaliwa kwa manufaa ya wote. Papa Fransisko katika Laudato Si' alisema wazi kwamba wakulima wadogo ndio wanaolisha sehemu kubwa ya watu duniani, na kwamba ni wajibu wa wenye mamlaka kuwasaidia wasilazimike kuuza ardhi zao.

Na kuna Nabothi. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, watu wengi wanamkumbuka Ahabu kama mnyang'anyi, na kweli aliishia hapo. Lakini tusome mwanzo wake. Ahabu alianza na ofa nzuri: shamba jingine la mizabibu lililo bora zaidi, au fedha kwa thamani yake. Kwa lugha ya leo, fidia kamili na ya haki. Nabothi alikataa kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake, na wala hakudai kwamba bei ilikuwa ndogo. Huku kwetu, kila mara mjadala wa ardhi unapoanza, unageuka haraka kuwa mjadala wa kiwango cha fidia, kana kwamba swali la kama mtu anataka kuondoka limeshajibiwa na mtu mwingine. Hatusemi ardhi isiuzwe kamwe. Mtu ana mgonjwa, ana karo, ana haki yake. Tunasema Nabothi alikuwa na haki ya kuulizwa, na ya kujibu hapana.

Yote haya yanatugusa sisi wenyewe kwa sababu Kanisa nalo ni mwenye shamba. Parokia na nyumba za kitawa za ukanda huu zina ardhi, nyingine si haba, na shinikizo la viwanja limefika mpaka kwenye kamati za uchumi. Njia tatu hupendekezwa: kuuza viwanja, kumkodishia mwenye mtaji eneo lote apande zao moja, au kuweka vibarua wachache waangalie minazi iliyochoka. Kuna ya nne. Vijana wa jumuiya ndogo ndogo wakodishiwe vipande vya ekari mbili mbili kwa mkataba ulioandikwa, wajiunge katika chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, wapange wenyewe nini kipandwe, na parokia ipate kodi yake baada ya mavuno. Watakaoajiri vibarua waandikiane nao, na paroko au mwenyekiti wa parokia awe shahidi. Mafrateri tunaolima bustani ya seminari kila wiki tunaweza kuwa msaada katika kupima vipande na kuandika hesabu. Hilo tunaliweza, kupalilia kwetu kunajulikana.

Jambo litakaloamua kama mpango huo ni wa kweli ni urefu wa mkataba. Nanasi linataka mwaka mmoja na nusu hivi tangu kupandwa chipukizi mpaka tunda la kwanza, na chipukizi lake linazaa tena baadaye. Mkorosho unataka miaka mitatu minne kabla ya kutoa cha maana, mnazi mrefu wa kienyeji unataka zaidi ya hapo. Kijana akipewa ardhi ya parokia kwa msimu mmoja, atapanda mahindi na mchicha, na mwaka unaofuata kamati itasema vijana hawapendi kilimo cha biashara. Apewe miaka kumi.